Mtumishi Aonapo Mwajiri Wake Akiidanganya Serikali: Njia Alizopewa na Sheria

Mkulima wa mpunga wa Mbarali, mkulima wa mahindi wa Ismani na mchuma chai wa Rungwe au Mufindi, wote huguswa na fedha za Serikali kwa namna moja au nyingine: ruzuku ya mbolea, mbegu bora, ghala, au mfereji wa kumwagilia. Kila zinapopita fedha hizo pana karatasi, na kila karatasi ina mtu aliyeiandika. Kwa sababu hiyo, udanganyifu unapofanyika, wa kwanza kuuona si mkaguzi wala askari, bali ni karani wa duka, mtunza ghala, mpima mizani au katibu wa chama. Huyo ndiye mwenye mengi ya kupoteza akisema. Na asiposema, mara nyingi ndiye wa kwanza kuulizwa, maana sahihi iliyo kwenye karatasi ni yake.

Makala haya yanakusudia kumweleza mtumishi huyo, pamoja na viongozi wa chama anachokitumikia, mambo matatu: taarifa ipelekwe wapi, iandaliwe vipi, na sheria inamlinda kwa namna gani mtu anayeandamwa kwa sababu ya taarifa hiyo. Yanawahusu watumishi wa vyama vya msingi na vyama vikuu katika mikoa ya Mbeya na Iringa. Yanawahusu pia wanachama wetu na watoto wao walioajiriwa na mawakala wa pembejeo, wanunuzi wa mazao na makampuni binafsi. Namba za vifungu zilizotajwa humu ni zile za sheria zilipotungwa. Katika matoleo ya baadaye namba hizo zaweza kubadilika, kwa hiyo yafaa katibu aangalie toleo alilo nalo.

1. UDANGANYIFU DHIDI YA SERIKALI NI UPI?

Kuidanganya Serikali ni kuifanya ilipe isichodaiwa, au isipate kile inachostahili kulipwa, kwa njia ya maneno au maandishi ya uongo. Si kila kosa la hesabu ni udanganyifu. Karani akikosea kujumlisha, hilo ni kosa la kazi nalo husahihishwa. Udanganyifu una nia ndani yake: mwandishi anajua kwamba alichokiandika si kweli, naye anakiandika ili apate fedha au aepuke kulipa.

Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wanao mfano wa karibu. Kuanzia msimu wa 2008/09 hadi 2013/14 Serikali iliendesha mpango wa vocha za pembejeo, ikisaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, na mikoa ya Mbeya na Iringa ilikuwa miongoni mwa iliyohudumiwa. Mkulima aliyechaguliwa kijijini alipewa vocha za mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia na mbegu. Aliipeleka vocha kwa wakala, akaongeza fedha yake karibu nusu ya bei, akachukua mfuko. Wakala naye aliipeleka vocha benki, akalipwa sehemu ya Serikali.

Utaratibu huo ulikuwa na pahali pamoja padhaifu. Serikali ililipa kwa kuangalia karatasi. Haikuwapo dukani kuona kama mfuko umetoka. Mkulima asiyekuwa na fedha ya kuongezea aliweza kutia sahihi, akapewa shilingi chache mkononi, mbolea ikabaki dukani, kisha wakala akadai malipo kamili. Majina ya watu waliohama au waliofariki yaliweza kuingizwa katika orodha, na sahihi zao zikaigizwa. Malalamiko ya namna hiyo yalisikika katika mikoa mbalimbali, na kasoro za vocha zilitajwa pia katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Tarehe 8 Agosti 2022, katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango mwingine wa ruzuku ya mbolea. Katika mpango huo mkulima huandikishwa, hupewa namba yake, na mauzo huingizwa katika mtambo chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Katika msimu wa kwanza mfuko wa kilo 50 wa DAP au wa UREA uliuzwa kwa shilingi 70,000, ilhali bei yake bila ruzuku ilikuwa imepita shilingi 120,000. Tofauti hiyo ilibebwa na Serikali. Mtambo umepunguza hila za karatasi, lakini haukuuondoa mkono wa binadamu. Bado yuko mtu anayeiandika namba ya mkulima, naye aweza kuiandika ilhali mkulima mwenyewe yuko shambani na hana habari.

Udanganyifu mwingine ambao mtumishi aweza kukutana nao ni kama huu:

(a) kuweka vitabu viwili vya mauzo, kimoja cha mwenye mali na kingine cha kuwaonyesha maofisa wa kodi;

(b) kupunguza uzito wa mazao katika hati zinazopelekwa halmashauri ili ushuru uwe mdogo;

(c) kuidai Serikali malipo ya ghala, barabara au mfereji ambao haukujengwa, au umejengwa chini ya kipimo kilichokubaliwa;

(d) kukata kodi katika mishahara ya watumishi, kisha kutoipeleka Mamlaka ya Mapato.

2. KUNYAMAZA SI KUSALIMIKA

Wako watumishi wanaodhani kwamba mtu akinyamaza amejiweka pembeni. Sheria haioni hivyo. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, kinamtaka kila mtu anayefahamu kwamba kosa lililo chini ya sheria hiyo limetendwa, au linakusudiwa kutendwa, aitaarifu Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, yaani TAKUKURU. Nayo makosa yaliyo chini ya sheria hiyo si hongo peke yake. Yamo matumizi ya nyaraka za uongo kwa kusudi la kumpotosha mwajiri au mkuu, yamo ubadhirifu na ufujaji, na yamo matumizi mabaya ya madaraka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa duka la pembejeo anaambiwa na mwenye duka aandike kwamba wakulima 40 wamechukua mifuko 80, naye anajua kwamba mifuko iliyotoka ni 20. Anaandika kwa kuogopa kufukuzwa. Miezi minane baadaye wachunguzi wanafika. Mwenye duka anasema, “Mimi sikuwapo, muulizeni karani, mwandiko ni wake.” Je, karani atajibu nini? Akisema aliamriwa, ataulizwa ni lini alimwarifu mtu yeyote. Hapo ndipo atakapotambua kwamba kimya chake hakikumlinda yeye, kilimlinda mwajiri.

Tena hasara haiishii kwa karani. Mifuko 60 isiyotoka ni ekari zilizopandwa bila mbolea, na mavuno pungufu katika nyumba ambazo orodha inasema zimesaidiwa. Mwaka unaofuata Serikali itaangalia orodha hiyo na kuamini kwamba kijiji kimekwisha kuhudumiwa.

Ushirika wetu umekwisha kulipia gharama ya mambo yaliyojulikana na wachache na kunyamaziwa. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, ikakuta malalamiko ya wizi na uendeshaji mbaya, na kwamba wanachama wengi hawakuwa na habari za mambo ya vyama vyao. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka huohuo wa 1982 likaanzishwa Shirika la Ukaguzi wa Vyama vya Ushirika (COASCO) ili hesabu zipate jicho la nje. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

3. TAARIFA IPELEKWE WAPI?

Sheria Na. 20 ya 2015, inayohusu ulinzi wa watoa taarifa na mashahidi, ndiyo msingi wa jambo hili. Sheria hiyo ilitungwa ili kurahisisha utoaji wa taarifa za uhalifu wa kupangwa, rushwa, mienendo isiyo ya maadili, matumizi mabaya ya ofisi, na shughuli zilizo kinyume cha sheria au za hatari. Kuwalinda watoa taarifa na mashahidi wasilipiziwe kisasi. Na kuweka utaratibu wa kuwatuza na kuwafidia. Taarifa yaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi.

Jambo la kushika ni hili: ulinzi huo umefungamana na taarifa iliyopelekwa kwa mamlaka inayohusika. Mtu aliyeyatangaza mambo kilabuni, aliyeyaandika gazetini, au aliyeyasambaza kwa simu asitegemee kinga ileile. Kwa hiyo kabla ya kusema, achague mlango. Milango iliyopo ni hii:

(a) Ndani ya chama au kampuni. Kama mkosaji ni mtumishi mwenzake au mkuu wa sehemu, na viongozi wa juu hawamo katika jambo lenyewe, yafaa taarifa ianzie kwa bodi ya chama, au kwa kamati ya usimamizi pale ilipo. Kama viongozi wenyewe wamo, mtumishi halazimiki kumpelekea mwizi habari za wizi wake. Aende nje moja kwa moja.

(b) Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mkoa. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, Na. 6 ya 2013, Mrajis ana mamlaka ya kuamuru mambo ya chama yachunguzwe na vitabu vyake vikaguliwe. Mlango huu ni wa vyama. Haufai kwa wakala binafsi wala kampuni.

(c) TAKUKURU. Ina ofisi katika mikoa na wilaya, nayo hupokea taarifa kwa mtu kufika mwenyewe, kwa barua, au kwa simu namba 113 ambayo haitozwi. Mlango huu unafaa hasa pale ambapo ofisa wa Serikali ameshirikiana na mwajiri.

(d) Jeshi la Polisi, kwa makosa ya kughushi, wizi na kujipatia mali kwa udanganyifu.

(e) Mamlaka yenye kusimamia jambo lenyewe: TFRA kwa mbolea ya ruzuku, Mamlaka ya Mapato kwa kodi, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kwa fedha za umma.

Mtumishi asitawanye barua kwa milango yote siku moja. Achague mmoja unaolingana na jambo lake, na aweke kumbukumbu ya siku aliyokwenda na ofisa aliyempokea. Akiona kimya cha muda mrefu, ndipo aende mlango wa pili, akieleza kwamba alikwisha kuarifu mahali fulani tarehe fulani.

4. TAARIFA IANDALIWE VIPI?

Sheria haimtaki mtoa taarifa awe amekwisha kuithibitisha kesi. Kuthibitisha ni kazi ya wachunguzi. Anachotakiwa ni nia njema, na sababu ya maana ya kuamini kwamba anachosema ni kweli. Mtu anayetunga uongo ili kumkomoa mwenzake hana kinga yoyote, naye aweza kushtakiwa.

Taarifa nzuri ni ile inayomwezesha mchunguzi kujua pa kuanzia. Yafaa iwe na mambo haya:

(a) jina la mtoa taarifa, kazi yake na jinsi alivyopata kujua, ikiwa amekubali kujitaja;

(b) kilichofanyika, kwa maneno machache, bila matusi wala maneno ya kukisia;

(c) tarehe, mahali, na majina ya wahusika;

(d) namba za stakabadhi, kurasa za leja, namba za hati za ghala, na kiasi cha fedha au mifuko;

(e) mahali zilipo nyaraka, na ni nani anayezitunza;

(f) watu wengine walioona;

(g) kama amekwisha kumwarifu mtu mwingine, na jibu alilopata.

Ni kosa kubwa kuchukua vitabu vya mwajiri na kuvificha nyumbani. Kwanza, mwajiri atapata neno la kumshtaki mtumishi kwa wizi. Pili, ushahidi uliohamishwa mahali pake hupungua nguvu. Badala yake mtumishi aandike katika daftari lake namba, tarehe na kiasi cha kila kitu anachokiona katika kazi yake ya kila siku. Wachunguzi wenyewe wana mamlaka ya kuingia ofisini na kuvichukua vitabu. Kazi ya mtoa taarifa ni kuwaambia waufungue ukurasa upi.

Daftari hilo liandikwe siku ileile jambo lilipotokea. Maneno yaliyoandikwa baada ya mtu kufukuzwa kazi huonekana kama kisasi, hata yakiwa ya kweli. Na katibu anayeamriwa kutia sahihi orodha asiyoiamini anayo njia nyingine ya awali: amwombe mwajiri ampe amri hiyo kwa maandishi. Mara nyingi amri ya uongo hufia hapo.

5. SIRI NA KINGA YA MTOA TAARIFA

Jambo linalowaogofya wengi ni jina lao kujulikana. Sheria ya mwaka 2007 imeliona jambo hili. Vifungu vya 51 na 52 vinahusu ulinzi wa watoa habari na mashahidi: utambulisho wa mtoa habari hautakiwi kutolewa ovyo katika mashauri, na kumtesa au kumwonea mtu kwa sababu aliisaidia Taasisi si jambo lililoachwa bila adhabu. Sheria ya mwaka 2015 ikaongeza nguvu hiyo, ikaweka pia utaratibu wa fidia kwa mtu anayepata madhara kwa sababu ya taarifa yake.

Hata hivyo siri ina pande mbili. Ofisi iliyopokea taarifa ina wajibu wa kuitunza, lakini mtoa taarifa naye asiivunje mwenyewe. Mtu aliyewaambia wenzake watano kwamba amepiga 113 asishangae mwajiri akijua kesho yake. Katika ofisi ndogo yenye makarani wawili, ambamo mmoja tu ndiye mwenye ufunguo wa ghala, hata taarifa isiyo na jina yaweza kumtambulisha mwenyewe. Mtumishi wa namna hiyo alieleze jambo hilo kwa ofisa anayeipokea taarifa, ili uchunguzi uanzie upande usiomwelekea yeye, kwa mfano kwa kuwahoji wakulima waliomo katika orodha.

6. MTUMISHI AKIFUKUZWA KAZI

Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao kwa kutojua, maana sheria ya kazi ina maneno ya wazi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinataja sababu ambazo haziwezi kuwa halali za kumwachisha mtu kazi. Miongoni mwake zimo mbili zinazolihusu jambo letu:

Ya kwanza ni kwamba mtumishi ametoa habari ambayo ana haki au wajibu wa kuitoa kwa mujibu wa sheria hiyo au sheria nyingine yoyote. Tukumbuke kwamba sheria ya rushwa imeweka wajibu wa kutoa habari. Basi mtumishi aliyetimiza wajibu huo hawezi kuachishwa kihalali kwa sababu hiyo.

Ya pili ni kwamba mtumishi amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa ya kisheria kumtaka alifanye. Maneno haya yanamhusu yule karani wa mifuko 80. Angekataa kuandika uongo na kufukuzwa, kufukuzwa huko kusingekuwa halali.

Tena sheria inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba alimwachisha mtumishi kwa haki. Wala mwajiri hapati mwanya kwa kumfanyia mtu vitimbi mpaka aondoke mwenyewe: mtumishi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike huhesabiwa kuwa ameachishwa.

Njia ya kudai haki ni hii. Mtumishi hujaza fomu ya kupeleka mgogoro, humpa mwajiri nakala, na kuipeleka kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo inahudumia mikoa ya Mbeya na Iringa. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2007, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Migogoro mingine ya kazi hupewa siku 60. Aliyechelewa hana budi kuomba ruhusa kwanza na kueleza sababu nzuri ya kuchelewa, na maombi hayo yaweza kukataliwa. Siku 30 ni chache. Mtu akizimaliza akimsubiri mwenyekiti arudi kutoka safari, au akingoja uchunguzi wa TAKUKURU uishe kwanza, mlango waweza kufungwa. Mashauri haya mawili hayangojani: la jinai lina njia yake, na la kazi lina yake.

Tume huanza kwa usuluhishi. Usiposhindikana jambo huisha hapo. Ukishindikana, huendelea katika uamuzi. Akishinda, mtumishi aweza kurudishwa kazini, kuajiriwa upya, au kulipwa fidia ya mishahara kwa kadiri ilivyowekwa na sheria. Aweza kusaidiwa na chama chake cha wafanyakazi au wakili, na asiye na uwezo aulizie wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017.

Yako mambo mawili ya kuangalia. Mtumishi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo hayumo katika kinga ya sehemu hii ya sheria; aitegemee ile ya mwaka 2015. Na mtumishi wa umma, kama vile ofisa ugani wa halmashauri, hana budi kuzimaliza kwanza njia za rufaa zilizowekwa na sheria ya utumishi wa umma.

7. MAMBO YA NCHI NYINGINE

Thamani ya sheria hizi huonekana tukitazama mahali zilipokosekana. Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, David Munyakei alikuwa karani katika Benki Kuu. Aliona hati za kampuni ya Goldenberg International iliyokuwa ikilipwa na Serikali mafungu makubwa kwa madai ya kuuza dhahabu na almasi nje ya nchi, ilhali Kenya haikuwa na mali hiyo kwa kiasi hicho. Alizifikisha habari hizo kwa wabunge. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa chini ya sheria ya siri za Serikali. Mashtaka yaliondolewa, lakini kazi yake haikurudi. Miaka kumi baadaye tume ya uchunguzi iliundwa, naye akatoa ushahidi mbele yake. Alipata tuzo ya kimataifa ya uadilifu mwaka 2004, akafariki mwaka 2006 akiwa katika hali ya umaskini. Aliyoyasema yalikuwa kweli. Kilichokosekana ni sheria ya kumshika mkono.

Uganda ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa mwaka 2010, nayo inampa mtoa taarifa asilimia 5 ya fedha iliyookolewa. Marekani ilianza mapema zaidi. Mwaka 1863, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wafanyabiashara waliliuzia jeshi vitu vibovu kwa bei kamili, ikatungwa sheria inayomruhusu raia kumshtaki mdanganyifu kwa niaba ya Serikali. Tangu sheria hiyo ilipoimarishwa mwaka 1986, raia huyo aweza kupata kati ya asilimia 15 na 30 ya fedha iliyorudishwa.

Tanzania haikufuata njia hiyo ya Marekani. Kwetu mtoa taarifa huifikisha habari, na vyombo vya Serikali ndivyo huchunguza na kushtaki. Kwa hiyo asiende mtu kwa kutumaini utajiri. Aende kwa sababu mali inayoibwa ni ya wote, na kwa sababu jina lake mwenyewe limo katika zile karatasi.

8. WAJIBU WA VIONGOZI WA VYAMA

Chama nacho ni mwajiri. Mara nyingine mdanganyifu si wakala wa mjini bali ni mwenyekiti au mjumbe wa bodi, na kikulacho ki nguoni mwako. Bodi inayompokea mtoa taarifa kwa maneno ya “umetusaliti” inawafundisha watumishi wote kunyamaza, nayo itaukuta ukweli siku mkaguzi atakapofika, wakati deni limekwisha kuwa la wanachama.

Kwa hiyo tunashauri kila chama kifanye mambo haya kabla ya msimu wa pembejeo kuanza:

(a) bodi iandike katika kumbukumbu zake ni nani atakayepokea taarifa za udanganyifu, na ni nani atakayezipokea ikiwa huyo wa kwanza ndiye anayelalamikiwa;

(b) orodha ya waliochukua mbolea ya ruzuku isomwe mbele ya mkutano, jina kwa jina na mifuko yake, ili mkulima mwenyewe aseme kama aliipokea;

(c) kazi ya kuandika mauzo na kazi ya kutoa mifuko ghalani zisiwe mikononi mwa mtu mmoja;

(d) mtumishi aliyetoa taarifa asihamishwe wala kusimamishwa bila sababu kuandikwa na kujadiliwa na bodi nzima;

(e) anwani ya Mrajis Msaidizi, namba 113 ya TAKUKURU, na habari za siku 30 za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zibandikwe ukutani, mahali ambapo karani na mkulima wote wataziona.

Jambo la (b) halina gharama yoyote, nalo lina nguvu kuliko yote. Orodha ya uongo huishi ndani ya kabati. Ikisomwa kwa sauti mbele ya watu waliotajwa ndani yake, mtumishi mwaminifu hahitaji tena kusimama peke yake, kwa kuwa wanachama wote watakuwa wamekwisha kuwa mashahidi.

Makatibu wanaombwa wayasome makala haya katika mkutano ujao wa wanachama, na kumpa nakala kila mtumishi anayetia sahihi hati za ghala, mizani au pembejeo.